Mafuriko Yakipungua, Hasara ya Mwanamke Huandikwa Wapi?

Kila mito inapovunja kingo zake, au mvua inapokosa kunyesha misimu kadhaa mfululizo, lugha ya vyombo vyetu vya habari hujirudia kama tasbihi. Watu kadhaa wamefariki, familia kadhaa hazina makao, ekari kadhaa za mimea zimesombwa, mifugo kadhaa wameangamia. Kisha mwishoni, mahali ambapo mhariri hukata taarifa nafasi inapokosekana, huja sentensi moja: walioathirika zaidi ni wanawake na watoto. Baada ya hapo ni nukta. Anayetaka kujua wanawake hao waliathirika vipi, walipoteza nini hasa na nani atawafidia, itambidi akatafute kwingine.

Mimi ni mwalimu wa isimu. Si mtaalamu wa hali ya hewa wala wa uchumi, na sina nia ya kuwafundisha kazi walio na taaluma hizo. Lakini maafa, kabla hayajafika katika ofisi ya kutoa misaada, hupitia kwanza katika maneno. Mtu huulizwa maswali, majibu yake huandikwa katika fomu, fomu hujumlishwa, jumla hupelekwa Nairobi. Kisichokuwa na neno lake katika fomu hakipelekwi popote. Dai langu ni kwamba hasara ya mwanamke wa nchi hii hupotelea hapo, katika maneno, mapema kabisa kabla hata lori la unga halijang'oa nanga.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi dogo la semantiki. Huwapa taarifa ya gazeti kuhusu mafuriko, nao huorodhesha nomino zote zinazotaja kitu kilichopotea, kisha mbele ya kila nomino waandike ni nani mwenye kitu hicho kwa desturi za nyumbani kwao. Nyumba, shamba, ng'ombe, mahindi ya kuuza, pikipiki. Upande wa baba hujaa upesi. Baadaye huwaomba waorodheshe vitu ambavyo mama zao wangelia kwa kuvipoteza. Hapo darasa huchangamka. Kuku. Cherehani. Sufuria kubwa za kupikia chakula cha kuuza. Bunda la mitumba lililonunuliwa kwa mkopo. Debe la omena. Mbegu za maharagwe zilizohifadhiwa kibuyuni. Fedha za chama zilizofungwa katika pindo la leso. Orodha hii ya pili huwa ndefu kuliko ile ya kwanza, na mara nyingi hakuna hata nomino moja iliyomo ndani yake inayopatikana katika taarifa ya gazeti.

Hicho chama kinastahili kuangaliwa kidogo, kwa sababu ni mali ya ajabu. Ni benki isiyo na jengo. Wanawake kumi au ishirini hutoa kiasi fulani kila juma, na kila juma mmoja wao hupokea jumla. Mafuriko hayahitaji kuzigusa fedha zenyewe ili kuiangusha benki hiyo. Yakishawatawanya wanachama, mmoja akaenda kambini, mwingine akarudi kwa wazazi wake, wa tatu akahamia mjini, basi yule ambaye zamu yake ilikuwa haijafika amepoteza akiba ya miezi mingi. Hakuna afisa atakayemwuliza juu yake. Tena, akijitolea mwenyewe kuisema, itaonekana kama porojo za akina mama mbele ya mwanamume aliyepoteza nyumba ya mabati.

Kiswahili chenyewe kinachangia, ingawa si kwa ubaya. Sisi walimu hujivunia kwamba ngeli ya A-WA haibagui: mtu ni mtu, awe wa kike au wa kiume, na kiambishi cha kitenzi ni kile kile. Katika mambo mengi hiyo ni neema. Lakini neno kama "waathiriwa" (nawaachia wengine mjadala wa iwapo tuseme waathiriwa, wahasiriwa au wahanga) humfunika kila mtu blanketi moja. Tunaposoma kwamba waathiriwa elfu moja wamesajiliwa, hatujui ni wangapi kati yao waliosajiliwa kwa majina yao wenyewe, na wangapi wameingia orodhani kama kivuli cha mtu mwingine. Kwa kawaida anayeandikwa ni mkuu wa kaya. Kinadharia mkuu wa kaya anaweza kuwa yeyote. Kwa vitendo, mwanamume akiwepo hapo, hata kama hufika nyumbani mara moja kwa miezi mitatu, ndiye huyo. Mkewe huwa tarakimu katika safu inayouliza idadi ya wategemezi, pamoja na wanawe.

Ndiyo maana sentensi ile ya "wanawake na watoto" hunikera. Mwanazuoni wa Kimarekani, Cynthia Enloe, alipokuwa akiichunguza lugha ya habari za vita mnamo 1990, aliamua kuliandika fungu hilo kama neno moja lisilo na nafasi kati yake, ili aonyeshe jinsi ambavyo mwanamke ameunganishwa na mtoto hadi akawa naye mtoto. Kwetu neno hilo lingekuwa "wanawakenawatoto", na sidhani kwamba lingemshangaza msomaji yeyote, maana tumekwisha kulizoea. Mtoto huhitaji kulishwa na kulindwa. Mwanamke aliyekuwa na kibanda cha kuuza mboga, aliyekuwa akidai na kudaiwa, aliyekuwa akiwalipia wanawe karo, huhitaji kurudishiwa mtaji. Ukimweka katika fungu moja na mtoto, utampa blanketi na uji, na utadhani umemaliza.

Haya hayakuanza leo. Jamii zetu zina desturi nzuri ya kuyapa majanga majina, na majina hayo ni hazina ambayo walimu wa historia na wa lugha wangefaa kuichimba pamoja. Wakamba huiita njaa kuu ya mwishoni mwa karne ya 19 "Ngomanisye", yaani ile iliyoenea kila mahali. Njaa ya 1961 waliikumbuka kwa jina la "Ndeke", kwa sababu chakula cha msaada kilidondoshwa kutoka angani kwa ndege. Wengine wakaiita "Atta", kwa ule unga wa ngano uliogawanywa. Miaka ya 1980 ikatupa "Nikwa Ngwete", maana yake nafa huku nimeshika, yaani fedha zipo mkononi lakini chakula cha kununua hakipo. Wakikuyu nao huitaja ile ya 1898 hadi 1900 kama "Ng'aragu ya Ruraya", njaa ya Ulaya, kwa vile iliandamana na ujio wa Wazungu na reli yao.

Majina haya yana akili na uchungu ndani yake. Hata hivyo, tazama yanayotajwa: ndege, unga, fedha, Wazungu, ukubwa wa eneo. Katika njaa hiyo hiyo ya Ngomanisye kulitokea jambo ambalo wanahistoria, Charles Ambler akiwa miongoni mwao, wameliandika kwa kirefu. Familia za Ukambani zilizoishiwa ziliwapeleka wanawake na wasichana kwa familia za nyanda za juu zilizosalia na chakula, kwa makubaliano kwamba mvua ikirudi watakombolewa. Kiswahili kina neno la mpango kama huo, nalo ni rehani. Vyombo huwekwa rehani, shamba huwekwa rehani, na wakati huo watu waliwekwa rehani. Baadhi yao walikombolewa. Wengine hawakurudi kamwe. Waliolewa huko, wakazaa huko, wakabadili lugha. Miongoni mwetu wamo wajukuu na vitukuu vyao wasiojua kwamba bibi zao walifika katika vijiji hivyo kama malipo ya chakula. Sijakutana na jina la njaa linalowakumbuka.

Anayedhani kwamba rehani ilikwisha na karne ile, na akitazame kitenzi "kuozwa". Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Hapo tayari kauli ya kutendwa imekwisha kumpokonya mwanamke nafasi ya mtenda. "Kuozwa" huongeza mtu wa tatu, yule anayeoza, lakini sentensi zetu kwa kawaida humsahau: wasichana wameozwa, tunaandika, na baba aliyepokea mifugo haonekani. Ukame ulioikumba Pembe ya Afrika kuanzia mwaka 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, ulikirudisha kitenzi hicho kwa nguvu. Mwaka 2022 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilieleza kwamba katika maeneo ya Ethiopia yaliyoathirika zaidi na ukame, ndoa za watoto zilikuwa zimeongezeka zaidi ya mara mbili kwa muda wa mwaka mmoja. Ng'ombe wamekufa, mahari yaweza kuleta wengine, na mdomo mmoja wa kulishwa umepungua. Hesabu hiyo ni ile ile ya Ngomanisye.

Kwetu Kenya ukame huo uliua mifugo zaidi ya milioni 2. Takwimu hiyo ilitangazwa sana, na ni ya kutisha kweli. Lakini hata ndani yake kuna jambo lililofichika. Katika jamii nyingi za wafugaji wa kaskazini, ng'ombe na ngamia huhesabiwa kuwa ni wa mwanamume, ilhali maziwa ni ya mwanamke. Yeye ndiye hukama au husimamia ukamaji, ndiye huamua kiasi gani kinywewe, kiasi gani apewe mgeni na kiasi gani kipelekwe sokoni. Isiolo kuna wanawake walioungana katika ushirika wa Anolei, wakawa wakikusanya maziwa ya ngamia na kuyasafirisha hadi Eastleigh, Nairobi. Hiyo ni biashara kamili, yenye wateja, madeni na ratiba ya mabasi.

Sasa fikiria tarehe ya hasara. Mnyama akifa, mwenye mnyama amepata hasara siku hiyo, na siku hiyo huweza kuandikwa. Lakini mnyama mwenye njaa huacha kutoa maziwa muda mrefu kabla ya kufa. Mwanamke basi amefilisika miezi kadhaa kabla ya mumewe, na kufilisika kwake hakuna mzoga wa kupigwa picha. Mvua ikirudi na wanyama waliosalia wakapona, mume atasema hakupoteza kitu. Mke amekwisha kupoteza wateja, na pengine mitungi yake ameiuza.

Bima ya mifugo, ambayo ilianza kujaribiwa Marsabit mwaka 2010 na baadaye ikachukuliwa na serikali kuanzia 2015, ni mpango mzuri nami siupingi. Ila una sarufi yake. Kipimo chake humfanya ng'ombe mmoja kuwa moja kamili, ngamia kuwa 1.4, mbuzi au kondoo kuwa 0.1. Mbuzi kumi, ambao pengine ndio mnyama pekee ambao mwanamke ana usemi juu yao, ni sawa na ng'ombe mmoja. Kuku hawamo kabisa. Maziwa hayana kipimo.

Toka kaskazini tuelekee ziwani, kwa sababu huko maji mengi yalifanya kile ambacho ukosefu wa maji ulifanya Isiolo. Katika fuo za Ziwa Victoria, mwanamume huvua na mwanamke hununua, hukausha na kuuza. Samaki walipopungua, ilizuka desturi iitwayo "jaboya", neno lenye kiambishi cha Kijaluo ja-, kile kinachounda majina ya watenda. Jaboya ni mvuvi ambaye humhakikishia mwanamke samaki mradi amridhishe kimwili. Tafsida hii imewalinda wanaume wengi, na ukimwi umewafikia wanawake wengi kupitia kwayo. Mwaka 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru, katika eneo la Kisumu, walipata njia ya kuikwepa. Kwa msaada waliopewa walianza kumiliki mashua zao wenyewe na kuwaajiri wanaume wawavulie. Kikundi chao walikipa jina la Kiingereza lisilo na tafsida hata chembe, lenye maana kwamba ngono haitabadilishwa tena kwa samaki. Mwenye mashua hahitaji kumbembeleza mvuvi.

Safari yao haikuwa laini. Baadhi ya mashua zilichakaa na kukawa na uhaba wa fedha za kuzitengeneza. Lakini walikuwa wamekwisha kuonja uhuru. Kisha zikaja mvua za mwishoni mwa 2019 na za 2020. Kufikia Mei 2020 kina cha Ziwa Victoria kilikuwa kimepita hata kile cha mwaka 1964, ambacho kwa zaidi ya nusu karne ndicho kilichokuwa kikitajwa kama upeo. Nduru ikazama. Wakazi wakakimbilia nyanda za juu, wakaishi katika makao ya muda.

Ni nini kilichopotea Nduru? Fomu itajibu: nyumba, vyoo, mashamba. Naam, vilipotea. Ila kilichozama hasa ni uwezo wa mwanamke wa kumwambia mvuvi hapana. Mwanamke wa aina hiyo, aliyeko kambini bila mashua na mwenye watoto wanaolia njaa, siku atakayorudi ufuoni kununua samaki hatarudi akiwa mwajiri. Hapo ndipo madhara ya kiuchumi yanapokuwa ya kijamii, na ya kijamii yakawa ya kiafya, wala huwezi kuyatenga kwa kisu. Mume aliyepoteza nyumba anaweza kujengewa nyumba. Tutamjengeaje mtu ile hapana yake?

Mtu ataniuliza kama jambo hili si la kuongezewa chumvi tu, maadamu mafuriko hayachagui. Ya kwetu hayachagui, pengine; lakini takwimu za mbali zinaonyesha kwamba watu huchaguliwa na maisha yao kabla maji hayajafika. Kimbunga kilichoipiga Bangladesh Aprili 1991 kiliua watu wapatao 140,000. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20 hadi 44, wanawake waliofariki walikuwa 71 kwa kila 1,000, na wanaume 15. Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, shirika la Oxfam lilivihesabu vijiji vinne vya Aceh Besar, Indonesia, likapata kwamba kati ya manusura 676, wanawake walikuwa 189. Nao wataalamu Eric Neumayer na Thomas Plümper, katika utafiti wao wa 2007 uliohusisha nchi 141, waligundua kwamba majanga hufupisha maisha ya wanawake kuliko ya wanaume, na kwamba tofauti hiyo hupungua pale ambapo wanawake wana hali bora ya kiuchumi na kijamii. Maumbile ya mwili peke yake hayawezi kuyaeleza hayo.

Kisa cha Bangladesh kinanihusu kitaaluma, kwa kuwa sehemu yake ni kisa cha mawasiliano. Onyo lilitolewa. Liliwafikia wanaume sokoni na katika mabaraza, na wengi wao hawakulifikisha jikoni. Mwanamke aliyelisikia naye alisubiri ruhusa ya mume kabla ya kuiacha nyumba. Nchi hiyo ilijifunza: leo takriban nusu ya wale wanaojitolea kupeleka tahadhari za vimbunga vijijini ni wanawake, wanaoweza kuingia hadi jikoni na kuzungumza na mwanamke mwenzao kwa lugha ya nyumbani. Kimbunga Sidr cha 2007 kiliua watu wapatao 3,400. Ni wengi mno, lakini hawalingani na wale wa 1991.

Kwetu nako hatua imepigwa. Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga ilianzisha vituo vidogo vya redio vinavyotangaza kwa lugha za wenyeji, kama Bulala FM kule Budalang'i, ambako mto Nzoia huvunja kingo zake mara kwa mara, na kingine Kangema, kwenye miteremko inayoporomoka. Kutafsiri "uwezekano mkubwa wa mvua juu ya wastani" kwa Kinyala ni kazi ya kitaalamu isiyopungua ushairi. Lakini redio hubebwa na nani asubuhi? Na tahadhari husomwa saa ngapi, wakati mwanamke yuko wapi? Ikisomwa saa kumi na mbili jioni, yeye yuko mtoni au motoni.

Nasema haya kwa walimu na wanafunzi kwa sababu iliyo wazi. Maji yakijaa, kambi huwa ni shule. Ndivyo ilivyokuwa Budalang'i mara nyingi, na ndivyo ilivyokuwa katika sehemu kadhaa za nchi wakati wa mafuriko ya 2024. Chifu akitafuta mtu mwenye mwandiko mzuri wa kuandika orodha, humwita mwalimu, au mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne. Yule mwenye kalamu ana mamlaka makubwa kuliko anavyodhani. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inatambua kwamba kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kulima shamba la familia ni mchango, hata pasipo fedha taslimu. Ikiwa sheria imeweza kulipatia jambo hilo maneno ili litumike wanandoa wanapotengana, sioni kwa nini daftari la kambi lishindwe.

Kwa hiyo mwalimu aliyeketi nyuma ya dawati hilo, akiwa na foleni ndefu mbele yake na mvua ikigonga mabati, na asiulize tu jina la mwenye nyumba. Mke naye aulizwe jina lake kamili, aandikwe katika mstari wake, na aulizwe peke yake, mume akiwa kando. Asiulizwe alipoteza mali gani, kwa maana neno "mali" lina ndevu, naye atajibu kwamba hana. Aulizwe kila siku alikuwa akipata senti zake kutokana na nini, na kile alichokuwa akikitumia kiko wapi sasa. Majibu yake yaandikwe kama yalivyo: kuku 11, sufuria mbili za biashara, cherehani moja, zamu ya chama iliyokuwa ifike mwezi ujao.